Usichomoe Waya

Kazi yangu mimi ni jiko la bweni, shule moja ya Zavkhan:
kuni, mavi makavu ya ng'ombe, majivu, basi.
Mambo ya kompyuta niliyaona usiku ule tu,
nje baridi hasi thelathini na nane,
mnara wa mtandao umelazwa na upepo tangu Jumanne.

Mwalimu Uranchimeg alirudi kutoka Uliastai
na toleo jipya ndani ya kompyuta mpakato,
ameikumbatia kifuani, chini ya koti la manyoya,
kilomita mia moja na themanini kwenye gari la barua,
kama mtu aliyekwenda kuomba moto kwa jirani
akaogopa usimzimikie njiani.
"Hewani halishuki," aliniambia, "litapita kwenye waya."
Na waya wenyewe ulikuwa mmoja.

Vishikwambi thelathini na kimoja vikapangwa mezani
kama sahani za wageni wasiofika.
Kila kimoja robo saa, kikiwa na heri.
Mstari mwembamba ukajaa polepole,
na chini yake maneno aliyonisomea: usichomoe waya.
Kichwa cha waya kilikuwa kimelegea, kinashika upande mmoja tu;
akakiegemeza kwa kifundo cha kondoo,
vile watoto wanavyochezea.

Haba na haba, nilijisemea,
ila kibaba hiki kilikuwa na tundu.
Mimi nikatia kuni. Yeye akachomeka, akangoja, akachomoa.
Mimi nikatia kuni.
Cha tisa kilikwama kwenye nembo;
akabana vitufe viwili kwa pamoja
kama anayembana mtoto pua anywe dawa,
kikazinduka.

Saa tisa usiku kikabaki cha Sodbileg.
Nafasi haitoshi, kikasema.
Tukafungua tuone kilichokijaza:
farasi.
Video mia mbili na kitu, farasi wa babake,
wakinywa mtoni, wakijikuna kwenye nguzo,
mmoja akipiga chafya, kisha chafya ileile tena.
Za mwaka juzi, kabla ya kipupwe kilichobakiza matandiko.

"Futa," nikasema, maana usingizi hauna adabu.
Hakunijibu. Alitaka kwanza kuzihifadhi kwenye kompyuta,
nayo kompyuta ikajibu vilevile: nafasi haitoshi.
Basi akafungua jalada moja, lake yeye,
akalitazama muda wa kumaliza kikombe cha chai ya chumvi,
akalifuta.
Nikauliza ni nini. "Vya zamani."
Sikuuliza tena.

Farasi wakavuka waya mmoja mmoja,
toleo jipya likaanza kuingia walikotoka,
na kwenye asilimia sitini kifundo kikateleza.
"Shika hapa, Dambadarjaa! Usitikisike!"
Nikashika. Vidole hivi vinavyookota makaa
vikabana kitu chembamba kuliko mkia wa panya,
na nyuma yangu nikalisikia jiko likififia,
likakohoa, likanyamaza.
Miaka kumi na moja halijapata kunizimikia.
Sikugeuka. Sitini na nne. Sitini na nne.
Sitini na tano.

Kilipoamka, tukawavusha farasi kurudi.
Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi hadi begani.

Alfajiri watoto waliamka wakitoa mvuke vinywani,
wakaniita majina ya wanyama nisiowajua.
Mkuu wa shule akanikata posho ya siku mbili,
nikatia sahihi.
Sodbileg akapokea kishikwambi chake, akapekua, akapekua,
akasema tu kwamba rangi ya vitufe imebadilika
na hajaipenda.